Ngitili, na Jinsi Imani Inavyozaa Matunda

Nchi ya Usukuma iko upande wa kusini wa Ziwa Victoria. Ndani yake umo mkoa wa Shinyanga, na magharibi yake uko mkoa wa Geita, wenye dhahabu. Shinyanga ni nchi ya tambarare, tena mvua yake si nyingi: kwa mwaka hupata kama milimita 600 hata 800, nazo hunyesha tangu Novemba mpaka Mei. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Majani hukauka, vijito hukatika, na ng'ombe hukonda hata mbavu zao huhesabika. Kwa sababu hiyo Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji pamoja, walikuwa na desturi ya zamani sana iitwayo ngitili.

Ngitili ni malisho yaliyofungwa. Mvua zikianza, mwenye mji, au wazee wa kijiji kwa pamoja, hutenga sehemu ya nchi, na tangu siku ile mfugo hauruhusiwi kuingia. Mara nyingi hapana ua wo wote. Mpaka hujulikana kwa njia, au kwa kijito, au kwa mti mkubwa, na kinachowazuia ng'ombe ni neno la watu tu. Avunjaye neno hilo hutozwa faini mbele ya baraza la jadi liitwalo dagashida. Majani hukua ndani yake miezi mingi bila kuguswa. Na hapo malisho ya nje yanapokwisha, mnamo Julai au Agosti, ndipo ngitili hufunguliwa, tena sehemu kwa sehemu, wala si yote kwa siku moja.

Huenda mwanafunzi akauliza, Mambo ya majani na ng'ombe yana nini na imani ya Kikristo? Ajibiwe kwamba Bwana Yesu, alipotaka kueleza jinsi neno la Mungu linavyokua moyoni mwa mtu, hakuchukua mifano yake katika majumba ya wafalme, bali katika mashamba. Alisema habari za mpanzi na udongo wa namna nne, za mzabibu na matawi yake, na za mtini usiozaa. Wakulima walimfahamu upesi. Naye Msukuma mfugaji aweza kufahamu upesi vilevile, akiitazama nchi yake mwenyewe na mambo yaliyoipata.

Zamani Shinyanga ilikuwa na misitu na vichaka vingi. Lakini katika vichaka hivyo walikaa mbung'o, yaani wale mainzi waletao nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwaagiza watu kufyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o. Miti mingi ikakatwa. Baadaye mashamba ya pamba yakaongezeka, na mifugo ikaongezeka, na watu nao wakahitaji kuni na majengo. Hata miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengi waliziacha ngitili zao nyuma, nazo zikakosa mwenyewe. Nchi ikabaki wazi. Upepo ukapeperusha udongo, na mvua ikichimba makorongo. Ikafika hali ya kwamba Shinyanga iliitwa Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha kazi ya kuiponya nchi ile, ikaitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni mabwana miti walifanya kama watu wengi wanavyofanya wakiona ukavu: walitaka kuleta kitu kipya kutoka nje. Wakaotesha miche katika vitalu, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, wakaigawa vijijini. Miche ikapandwa kwa shangwe. Lakini jua likaichoma, na mchwa wakaila, na sehemu kubwa ikafa.

Ndipo walipoanza kutazama chini. Katika ile nchi iliyoonekana imekufa, visiki vilikuwa hai bado. Mizizi ya migunga na miti mingine ya kienyeji ilikuwa imelala ardhini miaka mingi, na kila mwaka ilitoa machipukizi madogo. Na kila mwaka mbuzi waliyala, au moto uliyaunguza, au jembe liliyakata. Miti ilikuwa na nguvu ya kukua. Ilichokosa ni nafasi. Wazee wa Kisukuma walilijua jambo hili tangu zamani, wala halikuwa siri. Ila hawakuwa wameulizwa. Basi desturi ya ngitili ikafufuliwa. Wenyeji wakafunga sehemu za nchi, wakaweka walinzi, wakapunguza machipukizi yaliyosongamana ili yale yenye nguvu yapate kusimama. Katika mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Hata kazi ya HASHI ilipokoma, mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea katika vijiji zaidi ya 800, nazo hekta zake zilikadiriwa kuwa 300,000 na zaidi. Asali ikapatikana tena, na dawa za mitishamba, na uyoga, na kuni karibu na nyumba. Ndege walirudi wenyewe.

Katika Injili ya Marko, sura ya 4, umo mfano mfupi ambao wasomaji wengi huupita haraka, kwa kuwa umewekwa kati ya mifano mikubwa. Bwana Yesu anaeleza habari za mtu aliyetia mbegu katika nchi, akalala na kuamka, usiku na mchana. Nayo mbegu ikamea, yeye asijue imekuaje, maana nchi yenyewe ndiyo inayozaa, kwanza jani, kisha suke, kisha ngano pevu. Mfano huo ni sawasawa na habari za visiki vya Shinyanga. Mkulima hawezi kulivuta jani ili lirefuke. Akilivuta, ataling'oa. Lakini asidhani kwamba kwa hiyo hana kazi: ana kazi ya kulinda.

Hivyo ndivyo ulivyo ukuaji wa roho. Mungu ndiye akuzaye, na uzima umo katika mzizi, yaani katika kushikamana na Kristo, kama tawi linavyoshikamana na mzabibu. Mtu hana uwezo wa kujifanya mwema kwa kukaza misuli ya nia yake. Watoto wengi, na watu wazima pia, huamka siku ya kwanza ya mwaka na kuahidi kuwa watu wapya. Ahadi hizo ni kama miche ya kitalu, hupendeza wiki mbili. Awezalo mtu ni kufunga ngitili moyoni mwake. Atenge wakati wa kusali, wala asiuache kila neno na kila shughuli kuingia na kuula. Asome Maandiko kwa utaratibu. Akikosana na ndugu, apatane naye kabla chuki haijawa moto wa nyika. Na kama mlinzi wa ngitili akatavyo machipukizi mengine ili mengine yakue, akubali kukatwa mambo fulani, hata yale asiyoyaona kuwa mabaya. Katika Yohana sura ya 15 imeelezwa kwamba tawi lizaalo husafishwa lizidi kuzaa. Kusafishwa huko huuma, na ni bure kuwaambia watoto kwamba hakuumi.

Tena ukuaji huu hauna haraka, na historia ya Kanisa katika Usukuma yenyewe yashuhudia. Mapadre wa Afrika, waitwao White Fathers, walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883. Wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society walianza kituo cha Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mwaka 1888. Wakakaa Nassa miaka 21, wengine wakafa kwa homa, na waumini walikuwa wachache. Mwaka 1909 wakawaachia kituo wamisionari wa Africa Inland Mission. Kama mtu angalipita Nassa wakati huo na daftari la kuhesabia, angaliandika kwamba kazi imeshindwa. Lakini mzizi ulikuwa chini. Agano Jipya lilichapishwa katika Kisukuma mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Likawako Jimbo Katoliki la Shinyanga, na la Geita likaundwa mwaka 1984. Siku hizi makanisa ya madhehebu mbalimbali ni mengi katika nchi ile, nayo hujaa watu siku ya Jumapili.

Je, makanisa kujaa watu ndiyo matunda? Hapa pana neno gumu, na mwanafunzi alitafakari polepole.

Mtini uliotajwa katika Injili ya Luka, sura ya 13, ulikuwa na majani, maana hakuna aliyesema umekauka. Ulikosa tunda tu. Mwenye shamba aliujia miaka mitatu, akataka ukatwe. Mtunza shamba akaomba mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Basi majani si matunda. Hesabu ya waliobatizwa, uzuri wa jengo, sauti za kwaya, hayo yote ni majani. Ni mema, na mti usio na majani hauna afya, lakini mwenye njaa hashibi majani. Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia, alilitaja tunda la Roho kwa majina tisa, na la kwanza ni upendo. Yafaa kuangalia kwamba anasema tunda, si matunda, kama kwamba ni tunda moja lenye sura tisa; mtu hawezi kuchukua furaha na kuuacha upole sokoni. Nayo majina yote tisa yahusu jinsi mtu anavyoishi na Mungu na mwenzake. Hakuna hata moja liwezalo kuonekana mtu akiwa peke yake mbele ya kioo.

Sasa Shinyanga na Geita zilipata majaribu ambayo yalionyesha wazi ni wapi palikuwa na tunda na wapi palikuwa na majani matupu.

Miti ilipokwisha, wanawake walikosa kuni. Wakapika kwa mabua, na kwa vijiti vya pamba, na kwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Hivyo samadi iliyopaswa kwenda shambani iliishia mekoni, na mashamba yakadhoofika. Lakini lilikuwako baya zaidi. Moshi wa mavi ni mkali sana. Mwanamke aliyepika miaka 40 katika nyumba isiyo na dirisha, akiinama juu ya moshi ule kila asubuhi na kila jioni ili wanawe na wajukuu wale, macho yake yaligeuka kuwa mekundu. Na macho mekundu ya kikongwe yalifanywa kuwa dalili ya uchawi. Mtoto akifa kwa homa, ng'ombe akifa kwa ndigana, mvua ikikosekana, watu walikwenda kwa mpiga ramli, naye akamwelekezea kidole bibi wa jirani. Hesabu iliyofanywa na serikali juu ya miaka ya 1970 hata 1984 ilionyesha kwamba watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania bara kwa kushutumiwa uchawi, na wengi wao katika Usukuma. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Macho yaliyoharibika kwa kuwapikia watu yakawa sababu ya watu hao kumwua mpishi wao.

Upande wa Geita jaribu lilikuwa na sura nyingine. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu wakati wa Wadachi. Mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, ukafungwa. Mwingine mkubwa kuliko huo ulifunguliwa mwaka 2000. Nje ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu, wanaoshuka katika mashimo kwa kamba, hupandisha mawe kwa magunia, huyaponda, na kuikamata dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu. Mchimbaji aweza kufanya kazi miezi sita asipate kitu, na jirani yake akapata utajiri kwa siku moja. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu kutafuta bahati, na atafutaye bahati hupata wa kumwuzia. Kuanzia mwaka 2007 hasa, waganga waongo waliwaambia wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu na samaki. Watu wakauawa, na watoto wakakatwa mikono, katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita. Ualbino si kitu cha ajabu. Ni kukosa tu ile rangi ya ngozi, nywele na macho iitwayo melanini, na mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, ijapokuwa wao wenyewe huenda ni weusi kabisa. Hauna dawa, wala hauna bahati. Katika Januari 1915 wangaliweza kusema hawakujua; lakini ilikuwa Januari 2015 serikali ilipolazimika kupiga marufuku wapiga ramli, na makanisa yalikuwako kila kijiji.

Dhahabu yenyewe si mbaya. Petro, katika waraka wake wa kwanza, aliifananisha imani na dhahabu inayojaribiwa kwa moto. Lakini dhahabu haikui. Ikitolewa shimoni, shimo hubaki tupu, na kesho mchimbaji hana budi kuchimba pengine. Mtu aliyezoea shimo huitazama imani vivyo hivyo: huenda kanisani kuchimba baraka, na asipoipata Jumapili, Jumatatu hwenda kwa mganga. Huyo hajaacha imani kwa kuwa alishindwa kuamini kwa nguvu. Hakuwa na subira ya mkulima.

Wako pia waliozaa. Karibu na mji wa Shinyanga iko hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa mwaka 1913 na wamisionari wa Africa Inland Mission. Pale waliuguzwa na watu wenye ukoma, ambao wakati ule walikimbiwa na ndugu zao wenyewe. Kuosha kidonda ambacho mama wa mgonjwa anaogopa kukigusa hakuhitaji hotuba. Katika Buhangija, mjini Shinyanga, iko shule ambamo watoto wenye ualbino walipewa hifadhi pamoja na watoto wasioona na wasiosikia. Na vijijini walikuwako watu wasioandikwa katika kitabu cho chote: jirani aliyemficha bibi katika ghala yake ya mtama usiku wa hatari, mwalimu wa dini aliyekataa kunyamaza katika baraza, mwana aliyemjengea mama yake jiko lenye dohani ili moshi utoke.

Jiko lile lastahili kukumbukwa. Mtu aweza kusema kwamba kujenga jiko si jambo la roho, ni la udongo na matofali. Lakini mwana yule alimtazama mama yake, akaona macho mekundu, akauliza sababu yake, naye akaona moshi mahali ambapo wengine waliona uchawi. Kumtazama mtu hivyo ni upendo, na ni kazi ngumu kuliko kuimba. Mwanafunzi wa shule, ambaye hana mali wala cheo, aweza kuifanya leo hii: kumletea bibi kuni kavu, kutembea njia moja na mwenzake mwenye ualbino akienda shuleni na kurudi, kukaa naye upande wa kivuli, kukataa kucheka jina baya likitajwa, kumwambia mtu mzima anayeaminika akisikia neno la hatari likinong'onwa. Hayo ni machipukizi madogo, na mbuzi wa kuyala hawakosi: woga, na dhihaka za wenzake, na uvivu. Ndiyo sababu ngitili ya moyo hufungwa mapema, mvua zikiwa zinanyesha bado, wala haingojwi siku ya ukame.

Na siku ya ukame ikifika, wazee wakikubaliana kuifungua ngitili, wanyama hawaingii kwa wingi wao wote. Fahali wenye nguvu na ng'ombe wawezao kutembea mbali huendelea kupelekwa nje kutafuta. Wanaoachwa karibu na nyumba, wakala majani yaliyolindwa tangu Novemba, ni ndama, na ng'ombe wazee, na wagonjwa, na maksai watakaovuta plau mvua zikirudi.